Mizani, Chai na Pakiti: Historia ya Duka la Viungo Mjini Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, tangu 1891

1.0 Utangulizi

Mji wa Tukuyu uko kando ya barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, kuelekea mpaka wa Tanzania na Malawi huko Kasumulu. Umbali wake kutoka jijini Mbeya ni takriban kilomita 70. Msafiri anaweza kuondoka Mbeya asubuhi, akaliona Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, akapita sokoni Tukuyu na kurejea kabla ya giza kuingia. Katika safari ya namna hiyo, ununuzi wa viungo una nafasi yake. Mezani na rafuni hupangwa iliki, karafuu, vijiti vya mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu, bizari, na michanganyiko ya chai na ya pilau iliyokwisha kusagwa, jirani na majani ya chai na kahawa. Harufu na rangi za bidhaa hizo humvutia mgeni, naye huelekea kuamini kwamba anachokinunua ni sehemu ya mila ya kale ya mahali hapo.

Insha hii inachunguza imani hiyo kwa kuiweka katika historia. Hoja yake kuu ni kwamba duka la viungo katika Rungwe si urithi wa kale. Ni zao la mambo matatu yaliyofuatana katika muda usiozidi sana karne moja: boma lililoleta duka, duka lililoleta chai na sukari, na chai iliyofungua njia ya viungo kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Hoja ya pili ni kwamba katika kila hatua ya historia hiyo faida na mamlaka vilielekea zaidi kwa aliyeshika mizani na aliyefunga bidhaa kuliko kwa aliyeilima. Kwa sababu hiyo, swali la kihistoria kuhusu duka la viungo haliishii katika asili ya viungo vyenyewe. Linahusu pia nani aliyepima, nani aliyefungasha, na jina la nani lililoandikwa juu ya pakiti.

Katika insha hii, istilahi "duka la viungo" inatumika kwa maana pana. Inajumuisha meza ya mchuuzi sokoni, rafu ya viungo ndani ya duka la rejareja, na duka lililotengwa kwa ajili ya viungo pekee. Upana huo ni wa lazima, kwa kuwa duka la aina ya tatu ni tawi changa la yale mawili yaliyolitangulia, na haliwezi kueleweka bila hayo.

Uchunguzi wa jambo hili una ugumu wake. Bidhaa inayouzwa kwa kijiko huacha alama hafifu katika taarifa zinazoandikwa kwa tani. Tawala za kikoloni zilihesabu kwa makini kahawa, mpunga, ngozi na kodi, na zilihitaji sababu maalumu ili kuihesabu karafuu iliyofungwa katika kipande cha karatasi. Hivyo historia ya viungo katika bara hujengwa kwa kufuata vitu vilivyovibeba: njia za usafiri, maduka, sheria za biashara na mazao yaliyotumiwa pamoja navyo.

2.0 Chumvi kabla ya viungo

Rungwe ni nchi ya udongo wa volkano na mvua nyingi. Mlima Rungwe, wenye kimo cha takriban meta 2,960, na safu zinazouzunguka huzuia mawingu yatokayo upande wa Ziwa Nyasa, na sehemu kadhaa za wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Katika mazingira hayo Wanyakyusa walijenga uchumi wa migomba, maharage na ng'ombe. Chakula chao cha msingi kilikuwa ndizi za kupika, na maziwa yalikuwa na heshima ya pekee katika mlo na katika mahusiano ya ukoo.

Nchi hiyo yenye neema ilikosa vitu viwili muhimu, yaani chuma na chumvi ya kutosha. Majembe na mikuki ilitoka kwa Wakinga wa milimani, waliokuwa mafundi mashuhuri wa kufua chuma. Chumvi ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa katika ukanda mzima wa kusini-magharibi. Uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanyika Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilitengenezwa pale tangu karne nyingi kabla ya ujio wa wakoloni. Kwa hiyo wazo la kutoka nje ya nchi yako ili kupata kitu kidogo cha kukoleza chakula halikuwa geni kwa watu wa eneo hili. Lililokuwa geni ni viungo vyenyewe, pamoja na bahari vilikovukia.

Majina ya viungo katika Kiswahili yanatoa ushahidi wa aina yake. Karafuu ni neno lililotokana na Kiarabu, na pilipili limetokana na Kiajemi, ambacho nacho kilirithi kutoka lugha za India. Mdalasini linafuatilika hadi neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa Uchina. Maneno hayo yalizaliwa bandarini, katika biashara ya Bahari ya Hindi, nayo yaliingia bara yakiwa tayari yamekamilika pamoja na bidhaa zake. Pale ambapo bidhaa na jina lake vinaingia pamoja, mwanahistoria ana sababu ya kuamini kwamba mlango wa kuingilia ulikuwa biashara.

Ni muhimu hapa kutofautisha Rungwe na Zanzibar. Huko visiwani karafuu ilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenezwa kwa nguvu katika utawala wa Sayyid Said, na ikawa msingi wa dola na wa mashamba yaliyotegemea watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, kitovu cha uzalishaji kilihamia Pemba. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha jinsi biashara hiyo ilivyoyafunga maeneo ya bara katika mtandao mmoja na Zanzibar. Lakini katika mtandao huo Nyanda za Juu Kusini zilitafutwa kwa ajili ya pembe na watu. Bara lilitoa nguvu kazi, visiwa vikatoa karafuu, na mlaji mkubwa wa karafuu hiyo alikuwa ng'ambo. Mnyakyusa wa mwaka 1880 angeweza kuathiriwa na biashara ya karafuu pasipo kuionja hata siku moja.

3.0 Boma, ziwa na duka

Mwaka 1891 ndio mwanzo unaofaa kwa historia hii. Katika mwaka huo wamisionari wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianzisha kituo cha Rungwe, na wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakaanzisha kituo chao katika eneo hilo hilo la Unyakyusa. Utawala wa Kijerumani ulifuata kwa kujenga kituo cha Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha ukahamishia makao yake milimani, mahali palipoitwa Neu-Langenburg. Hapo ndipo Tukuyu ya leo, na jengo la boma la Kijerumani liliendelea kutumika kwa shughuli za utawala muda mrefu baada ya Wajerumani kuondoka.

Njia iliyolisha boma hilo kwa bidhaa haikuwa ile ambayo mtu angeitarajia. Kwa miaka mingi shehena za kwenda kaskazini mwa Ziwa Nyasa zilipitia kusini: kutoka mlango wa Mto Zambezi, kupanda Mto Shire, kisha kwa meli hadi Karonga au Langenburg. Kampuni ya Maziwa ya Afrika, iliyoundwa na Waskochi mwaka 1878, ilikuwa na kituo Karonga. Wajerumani nao walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, ambayo ililemazwa na meli ya Kiingereza Gwendolen mwezi Agosti 1914 huko Sphinxhaven. Kwa hiyo duka la kwanza la Unyakyusa liliangalia kusini, kuelekea ziwa, wakati uhusiano wake na pwani ya Kiswahili ulikuwa wa watu zaidi kuliko wa shehena.

Watu hao ndio muhimu kwa historia ya viungo. Boma la Kijerumani lilihitaji askari, makarani, wapishi na wakalimani, na wengi wa watumishi wa namna hiyo katika koloni walizungumza Kiswahili na walikuwa na mazoea ya chakula cha pwani. Wafanyabiashara wa Kihindi, waliofuata maboma katika sehemu nyingi za koloni, waliuza nguo, majembe, chumvi, shanga na vitu vidogo vidogo. Katika duka la namna hiyo viungo vilikuwa bidhaa ya mwenye duka mwenyewe kwanza, kwa ajili ya jiko lake, na kisha ya mteja. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898 katika koloni, iliwalazimisha wananchi kutafuta fedha taslimu. Fedha hizo zilimfikisha Mnyakyusa mbele ya mizani ya duka kama muuzaji wa mazao na kama mnunuzi wa bidhaa.

Baada ya jeshi la Jenerali Edward Northey kuitwaa Neu-Langenburg mwezi Mei 1916, na Waingereza kushika utawala, mji ulijulikana rasmi kwa jina la Tukuyu. Muundo wa biashara ya rejareja haukubadilika sana. Sheria ya kikoloni iliyozuia utoaji wa mkopo kwa Waafrika iliendelea kumweka mfanyabiashara wa Kiafrika katika hali dhaifu. Mkopo ambao haukuidhinishwa na serikali haukuweza kudaiwa mahakamani, hivyo muuzaji wa jumla aliogopa kuutoa, na mwenye duka dogo kijijini alilazimika kununua kwa fedha mkononi. Sheria hiyo ilielezwa kuwa kinga dhidi ya madeni. Katika utekelezaji ilimnyima mchuuzi nyenzo ambayo kila biashara ya viungo huitegemea, yaani uwezo wa kuchukua mzigo leo na kuulipia baada ya kuuza.

4.0 Chai kama mlango wa ladha

Mabadiliko makubwa yalikuja kupitia kinywaji. Miche ya chai ilijaribiwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo cha chai cha kibiashara katika Tanganyika kilianza kushika kasi mwaka 1926, na miinuko ya Rungwe ikawa miongoni mwa maeneo yake makuu. Katika kipindi cha ukoloni kilimo hicho kilikuwa zaidi mikononi mwa walowezi na makampuni. Mwananchi alikutana na chai kama kibarua shambani kabla ya kukutana nayo kama mkulima.

Alikutana nayo pia kama mnywaji. Hapa maandishi ya Monica Wilson yana msaada. Yeye na mumewe, Godfrey Wilson, walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu chake cha mwaka 1951 kimeeleza kwa kina thamani ya ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, hasa kwa kula na kunywa pamoja. Katika jamii yenye thamani hiyo, kinywaji kipya hakikuhitaji kuvunja mila ili kikubalike. Kilihitaji tu kuingia barazani. Chai ilikuwa na sifa za kuingia. Ilikubaliwa na kanisa lililokemea ulevi, iliendana na maziwa ambayo tayari yalikuwa na heshima, na iliandaliwa kwa muda mfupi mgeni alipofika.

Kazi za mbali ziliharakisha jambo hilo. Dhahabu ya Lupa, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliwavuta vijana wengi wa Rungwe kwenda Chunya, na wengine walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927 kutokana na shughuli za Lupa, ukawa kitovu kipya cha maduka ya jumla. Njia kuu ya bidhaa ya Tukuyu ikaanza kugeuka kutoka ziwani kwenda barabarani, na Mbeya ikachukua nafasi iliyokuwa ya Karonga. Kambini vijana walijifunza kula pamoja na watu wa makabila mengi, na walirudi nyumbani na fedha, nguo, na mazoea ya kununua majani ya chai na sukari.

Iliki, tangawizi na mdalasini vilifuata njia hiyo ya sufuria ya chai. Jambo hili linaeleza kwa nini katika bara viungo vya chai vina mizizi ya kijamii mipana kuliko viungo vya pilau. Pilau ni chakula cha sherehe. Linahitaji mchele, nyama na mafuta kwa wakati mmoja, na katika nchi ya ndizi mchele wenyewe ulitoka bondeni Kyela, ambako ulilimwa zaidi kwa ajili ya kuuzwa. Chai inahitaji maji, majani na kipande kidogo cha tangawizi. Nyumba isiyoweza kupika pilau zaidi ya mara moja kwa mwaka inaweza kutia iliki mbili katika chai ya mgeni, na kwa tendo hilo dogo ikawa mteja wa duka la viungo.

Hata hivyo, mkulima wa Rungwe hakuwa mwenye kauli katika biashara ya majani aliyoyanywa. Ukulima mdogo wa chai ulipanuliwa baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970 chini ya Mamlaka ya Chai Tanzania, na viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikawa vituo vya wakulima hao. Majani mabichi yalipimwa kwenye vituo vya kununulia, yakasindikwa kiwandani, na kuondoka wilayani kwa wingi yakielekea kwenye mnada au kwa wachanganyaji. Pakiti ya chai iliyorejea katika duka la Tukuyu ilikuwa imefungwa mahali pengine. Mkulima aliuza kilo za majani na kununua gramu za chai, na tofauti kati ya bei hizo mbili ilibaki kwa wale waliokuwa katikati. Mfano huu wa chai ndio unaotoa kipimo cha kulielewa duka la viungo.

5.0 Duka chini ya dola, 1967 hadi 1984

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilibadili nafasi ya duka katika siasa ya nchi. Biashara ya jumla na ya nje iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, na kuanzia mwaka 1973 majukumu yake yakagawanywa kwa kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 matukio mawili yalitikisa biashara ya vijijini. La kwanza lilikuwa Operesheni Maduka, iliyolenga kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka maduka ya ushirika na ya vijiji mahali pake. La pili lilikuwa kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwezi Mei, hatua iliyokigusa chama kikuu cha Rungwe kilichoanzishwa mwaka 1949 na kujenga jina lake katika kahawa na mpunga.

Duka la kijiji lilipaswa kugawa bidhaa muhimu: sukari, chumvi, sabuni, mafuta, nguo. Viungo havikuwa na nafasi kubwa katika orodha hiyo, kwa kuwa mpangaji wa serikali aliweza kuitetea chumvi kama hitaji la lazima, lakini si iliki. Ndiyo maana biashara ya viungo inafaa kutazamwa kama kielelezo cha mipaka ya mfumo ule. Bidhaa nyepesi, kavu, isiyoharibika upesi na yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo ni vigumu kuidhibiti kwa kibali, na mfuko mmoja wa safari hutosha kuibeba. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 na kupita Mbeya, iliwapa wasafiri njia ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Nyanda za Juu Kusini wakati uleule ambapo njia rasmi za ugavi zilikuwa zikidhoofika.

Kwa upande wa wakulima, viungo vilivyolimwa bara viliingia katika mfumo wa shirika la umma. Iliki ya Usambara Mashariki na ya milima ya Uluguru ilinunuliwa kwa ajili ya kuuzwa nje kupitia GAPEX, shirika lililoshughulikia mazao madogo. Wakulima wa iliki walijikuta katika hali ileile ya mkulima wa chai wa Rungwe, ambapo mnunuzi ni mmoja, bei hupangwa mbali, na malipo husubiriwa. Hata pale iliki au tangawizi zilipooteshwa katika bustani za Rungwe chini ya kivuli cha migomba, hazikujenga vyama, viwanda na barabara kama ilivyokuwa kwa kahawa na chai. Zilibaki mazao ya uani, na soko lake likabaki meza ya mchuuzi.

Uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980 ulikuwa mkali kiasi kwamba sukari yenyewe iliadimika. Ukaribu wa mpaka wa Malawi uliifanya Tukuyu kuwa njia ya magendo, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwafanya wenye maduka kuogopa kuonekana na akiba yoyote. Hofu hiyo ina maana kubwa kwa historia ya duka la viungo, kwa kuwa duka la aina hiyo haliwezi kuwepo bila akiba. Mvuto wake wote uko katika wingi na aina mbalimbali zilizopangwa waziwazi mbele ya mteja. Mwaka 1983 kupanga bidhaa waziwazi kulikuwa ni kujihatarisha.

6.0 Kutoka punje nzima hadi pakiti

Ulegezaji wa masharti ya biashara ulianza na bajeti ya mwaka 1984, iliyoruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na ukapanuka baada ya Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais mwaka 1985. Meza za viungo ziliweza kurudi hadharani masokoni. Mchuuzi alinunua kwa kilo na kuuza kwa fungu au kwa kijiko, akifunga kwa karatasi ya gazeti na baadaye kwa mfuko mdogo wa nailoni. Biashara hiyo ilihitaji mtaji mdogo, na kama ilivyo kwa biashara nyingi za sokoni, iliwapa nafasi wanawake.

Badiliko lililofuata lilihusu umbo la bidhaa. Katika mazoea ya awali mteja alinunua viungo vizima na kuvitwanga nyumbani kwa kinu. Punje nzima hujieleza yenyewe. Iliki iliyokauka vizuri huwa na ganda lililofunga na mbegu nyeusi zenye kunata, na karafuu yenye ubora hutoa mafuta ikibanwa kwa ukucha. Mteja alikuwa na uwezo wa kupima ubora kwa macho, pua na vidole. Kiungo kilichosagwa hakimpi uwezo huo. Mafuta yanayobeba harufu huanza kupotea mara ganda linapovunjwa, na unga wa rangi inayofanana unaweza kuongezwa bila kuonekana. Pamoja na urahisi wake, usagaji ulihamisha maarifa kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji.

Pakiti iliyoandikwa jina ilikuja kuziba pengo hilo la uaminifu. Nyuma yake zipo taasisi za dola: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973 na ambalo limefundisha wasindikaji wadogo, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 lilikabidhiwa pia udhibiti wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya mamlaka nyingine. Alama ya ubora humlinda mlaji. Wakati huohuo huweka kizingiti, kwa kuwa eneo la kusindikia, vipimo na vifungashio vyenye lebo vina gharama, na mchuuzi wa fungu hana uwezo wa kuzimudu zote. Kwa njia hiyo biashara ya viungo imegawanyika katika sehemu mbili zinazoweza kuonekana katika mtaa mmoja: meza isiyo na lebo inayomhudumia mwenyeji, na rafu yenye lebo inayomhudumia msafiri.

7.0 Mgeni wa siku moja

Mvuto wa duka la viungo kwa wasafiri una historia yake katika ukanda huu. Huko Zanzibar, bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980 baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kujitosheleza kwa uzalishaji wake, utalii ulichukua nafasi kubwa zaidi katika uchumi. Ziara za mashamba ya viungo katika maeneo kama Kizimbani na Kidichi zikawa safari ya nusu siku au siku moja, na mwisho wa ziara mgeni alionyeshwa pakiti za kununua. Zao lililokuwa limeshuka bei kwa tani lilipata bei nyingine kwa gramu, likiuzwa pamoja na simulizi.

Simulizi hiyo imesafiri hadi bara. Msafiri anayeingia katika duka la viungo Tukuyu hufika akiwa na picha ya Zanzibar akilini, na ni rahisi kwa muuzaji kuikubali picha hiyo. Matokeo yake ni upotevu wa aina mbili. Kwanza, wakulima wa iliki wa Usambara na Uluguru, wa tangawizi ya Same, na wa bustani ndogo za Rungwe hufichwa nyuma ya jina la kisiwa. Pili, Rungwe yenyewe hupoteza nafasi ya kueleza historia yake halisi, ambayo ni historia ya sufuria ya chai: majani ya Katumba na Mwakaleli, maziwa ya zizi la nyumbani, na kiungo kilichofika kwa barabara.

Suala hili linagusa kipato na si heshima pekee. Chai ya Rungwe imeondoka wilayani kwa wingi na bila jina kwa miongo mingi. Wakulima wadogo walijiunga katika chama chao, RSTGA, na kupata hisa katika kampuni inayoendesha viwanda, hatua iliyokuwa muhimu baada ya sheria ya chai ya mwaka 1997 kutenganisha kazi za udhibiti na za uendelezaji. Hata hivyo, umiliki wa sehemu ya kiwanda si sawa na umiliki wa pakiti ya mwisho. Mchanganyiko wa chai na viungo unaofungwa Tukuyu, ukitaja kata ilikochumwa chai na mahali ilikotoka iliki, unafanya kwa kiwango kidogo jambo ambalo mfumo mkubwa haukulifanya: unaiacha hatua ya mwisho ya thamani ndani ya wilaya.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba viungo viliingia Rungwe kama bidhaa ya duka, vikipitia njia zilizobadilika kutoka ziwani hadi barabara na reli ya Mbeya, na kwamba vilikubalika kwa upana kupitia chai kabla ya kupitia vyakula vya sherehe. Umeonyesha pia kwamba sheria ya mikopo ya kikoloni, udhibiti wa maduka wa miaka ya 1970, hofu ya mwaka 1983 na masharti ya ufungashaji ya sasa, ingawa yalikuwa na malengo tofauti, yote yaliamua jambo lilelile: nani aruhusiwe kushika akiba na kupima.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti. Ya kwanza ni ya kimbinu. Historia ya viungo katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kutoka upande wa shamba la visiwani na bandari, na mfano wa Tukuyu unaonyesha umuhimu wa kuitazama kutoka upande wa mlaji wa bara na mchuuzi wake, ambao kumbukumbu zao ziko katika leseni, daftari za madeni na simulizi za familia kuliko katika takwimu za usafirishaji. Ya pili inahusu sera. Lebo ya pakiti ni hati ya kihistoria, na kile kinachoandikwa juu yake leo kitasomwa kesho kama ushahidi. Duka linaloeleza kwa ukweli kwamba iliki yake ilitoka Amani, tangawizi yake Same na chai yake Mwakaleli halipungukiwi na mvuto wowote mbele ya mgeni wa siku moja, na linawarudishia wakulima hao majina ambayo mizani za zamani hazikuyaandika.